Trekta la kizamani la gesi: Injini haina shida, shughuli ipo kwenye tenki

Kwenye mashamba ya Kansas, Oklahoma au Texas nchini Marekani bado unaweza kukuta trekta la miaka ya 1950 au 1960 lenye tenki nene la chuma, limeviringika kama pipa. Hilo halinywi dizeli wala petroli. Linatumia propani, jamii ileile ya gesi unayopikia nyumbani.

Minneapolis-Moline ilianza kuuza matrekta ya aina hii yakiwa yametengenezwa hivyo kiwandani mwaka 1941. Baadaye John Deere, Case, Oliver na wengine wakafuata. Hata John Deere 4020, trekta lililotamba miaka ya 1960, lilikuwa na toleo la gesi. Majimbo yale yalikuwa na visima vya mafuta na gesi, hivyo propani ilipatikana jirani na kwa bei chee. Dizeli ilipotawala, viwanda vikaachana nayo.

Injini ndiyo raha yake. Propani inaungua safi, haiachi masizi mengi na haioshi oili kwenye kuta za silinda kama petroli. Ndiyo maana oili hukaa muda mrefu bila kuwa nyeusi.

Ila usilinganishe lita kwa lita. Lita moja ya propani ina kama robo tatu tu ya nguvu iliyomo kwenye lita ya petroli, kwa hiyo tenki linaisha haraka. Piga hesabu hiyo kabla ya kufurahia bei ya gesi.

Kuliwasha nako kuna utaratibu. Injini ikiwa ya baridi, unafungua vali ya mvuke, ile inayochukua gesi juu ya tenki. Maji ya rejeta yakishapata moto ndipo unahamia vali ya kimiminika, kwa sababu maji hayo ndiyo yanayogeuza kimiminika kuwa gesi. Ukiwa na haraka ukahama mapema, regyuleta inaganda barafu na trekta linazima. Sio ubovu huo, ni papara yako.

Sasa tuje kwenye kujaza, maana hapa ndipo wengi hukwama. Huwezi kupeleka dumu. Anahitajika muuzaji mwenye pampu na mpira wa kujazia kimiminika, na tenki halijazwi zaidi ya asilimia 80. Propani hutanuka sana ikipata joto. Ukijaza pomoni asubuhi, jua la mchana litafanya vali ya usalama imwage gesi nje.

Muuzaji ataangalia pia kibati cha chuma kilichobandikwa kwenye tenki. Kikiwa kimefutika au kimeng'oka, wengi hukataa kujaza. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, piga picha kibati hicho, kagua kutu chini ya mikanda ya tenki, kisha muulize muuzaji wa gesi wa eneo lako kama atakujazia. Trekta lisilo na wa kulijazia ni pambo la uwanjani.

Na mtungi wa jikoni? Usithubutu kuuunganisha. Ule hutoa mvuke juu, wakati trekta likiwa kazini linavuta kimiminika. Tena gesi ya mitungi ya kwetu mara nyingi imechanganywa na butani.

Ukimaliza kazi, funga vali ya tenki na uache injini imalize gesi iliyobaki kwenye mabomba hadi izime yenyewe. Propani ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya banda inatambaa sakafuni na kujaa kwenye mashimo, ikisubiri cheche. Liegeshe nje.

Wapo wanaochoka na kulibadilisha litumie petroli. Inawezekana, lakini injini za gesi zilitengenezwa na mgandamizo mkubwa zaidi, na petroli ya kawaida inaweza kuzifanya zigonge. Fundi asiyelijua hilo atakubadilishia kabureta tu, halafu utarudi kwake na pistoni zilizotoboka.