Galatoni, Gitaa la Kwanza la Wengi Wetu

Ndugu wahitimu, nanyi vijana mliorithi madawati yetu,

Tumekubaliana kuchangia magitaa ya Chama cha Muziki cha wanafunzi. Kabla fedha hazijatoka naomba nieleze historia fupi, kwani aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Zamani zetu gitaa lisilotumia umeme tuliliita galatoni. Jina hilo lilitokana na Gallotone, alama ya kampuni ya Gallo iliyoanzishwa na Eric Gallo huko Johannesburg mwaka 1926. Kampuni hiyo iliuza santuri, na pia magitaa ya bei nafuu. Mojawapo, Gallotone Champion, lilikuwa na nyuzi za chuma, na ndani lilibandikwa karatasi ya kudhamini kwamba halitapasuka. Wala halikuwa la Afrika peke yake: John Lennon alilipiga Liverpool tarehe 6 Julai 1957, siku aliyokutana na Paul McCartney.

Santuri za Gallotone ndizo zilizomtangaza Jean Bosco Mwenda wa Katanga. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao siku hizi huitwa Likasi. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, lakini ungeapa kwamba wapigaji ni wawili. Baadaye alifika Nairobi, akasikika redioni, na vijana wengi wa Afrika Mashariki wakamwiga. Mtu mmoja na gitaa moja aliweza kuwa bendi nzima.

Nami nilitamani hivyo. Mwaka 1968, nikiwa kidato cha tatu, baba aliuza mbuzi wawili ili ninunue gitaa. Dukani yalikuwapo mawili: galatoni kuukuu iliyochujuka rangi, na jingine jipya, jekundu, linalong'aa. Nikachukua jekundu. Nyuzi zake zilikaa juu mno ya shingo. Kuzibana ilikuwa kama kubana seng'enge. Vidole vikatoka damu. Baada ya miezi miwili shingo ikapinda, nikalitundika ukutani. Mwenzangu wa dawati alinunua lile kuukuu, na mwaka uliofuata alikuwa akituchezesha bwaloni kila Jumamosi.

Baba aliponiuliza mbuzi wake wameimba nini, nilimjibu kwamba sina kipaji. Niliamini hivyo miaka ishirini, hadi siku niliposhika gitaa la mwanangu na vidole vikatii. Baba alikuwa amekwisha fariki.

Basi vijana, mtakapokwenda dukani, itazameni shingo kwa jicho moja kama seremala atazamavyo ubao, iwe imenyooka. Baneni kila uzi, toka juu ya shingo hadi chini. Usikwaruze wala usidai nguvu nyingi. Nyuzi za nailoni, zilizoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, ni laini kwa vidole. Za chuma zina mlio mkali zaidi. Zote zinamfaa anayeanza, ila msifunge za chuma kwenye gitaa lililoundwa kwa nailoni, maana zitalivuta hadi liharibike. Rangi iangaliwe mwisho kabisa.

Mchango wangu nimekwisha mkabidhi mweka hazina, kwa sharti moja: dukani atumwe mpigaji, asitumwe mtazamaji.