Programu za bure za kukabili virusi: Mambo ya kuzingatia nyumbani na katika afisi ndogo

PROGRAMU ya bure ya kukinga tarakilishi dhidi ya virusi si ya bure kwa kila mtu. Nyingi kati ya zile zinazopakuliwa kutoka kwenye intaneti zimeruhusiwa kutumika nyumbani pekee. Mwenye duka la dawa, chuo kidogo au afisi ya uwakili anayeziweka katika mashine za kazi huwa anakiuka leseni, mara nyingi bila kujua. Nyingine hazidai senti tano, lakini hujilipa kwa njia ambazo mtumiaji hakuelezwa waziwazi.

Ndiposa anayetaka kuchagua programu ya aina hii hana budi kujiuliza maswali manne kabla ya kubofya popote: Ni nani anayeruhusiwa kuitumia? Mwenye kuitengeneza anapata wapi riziki yake? Uwezo wake umepimwa na nani? Na je, tarakilishi yenyewe bado inapokea masasisho kutoka kwa waliotengeneza mfumo wake?

Leseni inasemaje?

Avast na AVG ni miongoni mwa programu za bure zilizoenea sana. Toleo la bure la kila mojawapo limekusudiwa matumizi ya kibinafsi yasiyo ya biashara. Mwanafunzi anayeandika tasnifu nyumbani anaruhusiwa. Karani anayeandaa ankara za wateja haruhusiwi, hata kama afisi nzima ina tarakilishi moja tu.

Hali ya afisi ndogo haikuwa hivyo kila mara. Mnamo Oktoba 2010, kampuni ya Microsoft iliruhusu biashara ndogo kutumia programu yake ya Microsoft Security Essentials bila malipo katika tarakilishi zisizozidi 10. Programu hiyo ilikuwa ya Windows za zamani na sasa imepitwa na wakati. Mahali pake pamechukuliwa na Microsoft Defender, ambayo imo ndani ya Windows tangu toleo la 8 lililotoka 2012. Kwa kuwa ni sehemu ya mfumo wenyewe, aliyenunua Windows halali kwa ajili ya afisi yake anaitumia bila leseni nyingine.

Nani anayelipa?

Kuandika programu ya kinga na kuisasisha kila siku ni kazi yenye gharama. Kampuni nyingi hutoa toleo la bure kwa matumaini kwamba baadhi ya watumiaji watavutiwa kununua toleo la kulipia. Hilo halina ubaya, ila mtumiaji avumilie matangazo yanayojitokeza kwenye kioo mara kwa mara.

Kuna njia nyingine isiyopendeza. Mnamo Januari 2020 vyombo vya habari vya Marekani vilifichua kwamba Avast ilikuwa ikikusanya rekodi za kurasa zilizotembelewa na watumiaji wake, na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu iliyoitwa Jumpshot. Kampuni hiyo tanzu ilifungwa mwezi uo huo. Mnamo Februari 2024, tume ya Marekani inayosimamia biashara na haki za wateja ilitangaza kwamba Avast ingelipa dola milioni 16.5 na kupigwa marufuku kuuza rekodi za aina hiyo kwa ajili ya matangazo ya biashara. Watu waliweka programu ile ili kujilinda dhidi ya wapelelezi, kumbe ndiyo iliyokuwa ikiwachungulia.

Ni vyema pia kufahamu kwamba majina mengi si wenyewe wengi. Avast iliinunua AVG mnamo 2016. Leo Avast, AVG, Avira na Norton zote zimo mikononi mwa kampuni moja, Gen Digital. Anayehama kutoka moja hadi nyingine akidhani amemkimbia mwenye nyumba huenda amebadilisha chumba tu.

Asili ya programu nayo huzua mjadala. Mnamo Juni 2024 serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa Kaspersky, kampuni ya Urusi, kwa sababu za usalama wa taifa. Marufuku hiyo ni ya Marekani, lakini afisi inayohudumia wateja wa huko haina budi kuizingatia.

Ubora hupimwa vipi?

Sifa zinazotolewa na muuzaji si ushahidi. Ziko maabara huru ambazo kazi yake ni kuzijaribu programu hizi kwa virusi halisi. AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, hutoa alama sita kwa kila kimojawapo cha vigezo vitatu: uwezo wa kukinga, kutoilemea mashine, na kutotoa kengele za uongo. Jumla ni 18. AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hufanya kazi kama hiyo. Matokeo ya maabara zote mbili husomwa bila malipo. Msomaji asitazame jaribio moja. Aangalie kama programu imedumu juu katika majaribio kadhaa.

Kigezo cha uzito kinawahusu sana wenye mashine kuukuu. Programu inayonasa kila kirusi lakini ikaifanya tarakilishi ikokote kama konokono itazimwa na mwenyewe kabla ya wiki kwisha.

Aidha, si busara kuweka programu mbili za kinga zinazolinda kwa wakati mmoja. Huweza kugombana, kila moja ikiishuku nyingine. Kwa kawaida Defender hujiondoa yenyewe pale programu nyingine ya kinga inaposakinishwa.

Mlango ulioachwa wazi

Programu ya kinga haiwezi kufidia mfumo uliotelekezwa. Mnamo Mei 12, 2017, kirusi cha WannaCry kilifunga faili katika tarakilishi za mataifa yapatayo 150 na kudai kikombozi. Hospitali za Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Kirusi hicho kilipenya kupitia ufa ambao Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake Machi mwaka huo, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wameweka kiraka hicho.

Funzo hilo lina uzito leo kwa sababu muda wa kawaida wa Windows 10 kupokea masasisho ya bure ulikwisha Oktoba 14, 2025. Mwenye mashine ya aina hiyo ahamie Windows 11 ikiwa inakubali, au ajiandikishe katika mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama, kabla hajaanza kulinganisha programu za kinga.

Hatari nyingine ni Windows ya wizi. Programu ndogo zinazosambazwa ili "kuifungua" bila kulipa ni maficho mashuhuri ya virusi, na nyingi humwagiza mtumiaji azime kinga kwanza. Anayetii agizo hilo amemkabidhi mwizi funguo.

La kufanya

Kwa nyumba nyingi na takriban afisi zote ndogo, Defender inatosha ikiwa mambo yafuatayo yatazingatiwa:

1. Fungua sehemu ya Windows Security uhakikishe kwamba kinga ya wakati wote imewashwa na masasisho ni ya karibuni.

2. Washa kinga ya folda dhidi ya virusi vya kudai kikombozi. Ipo, lakini kwa kawaida huwa imezimwa.

3. Kagua kila flashi kabla ya kuifungua, hasa iliyotoka saiba au duka la kuchapisha. Kirusi cha Conficker, kilichozuka 2008, kilienea sana kwa njia hii.

4. Ukiamua kutumia programu nyingine, ipakue kutoka tovuti ya mtengenezaji pekee. Tangazo linalochomoza ghafla likidai kuwa mashine yako ina virusi mia moja ni mtego.

5. Weka nakala ya faili muhimu katika diski ya nje, kisha uichomoe. Diski iliyoachwa imechomekwa hufungwa na kirusi pamoja na mashine.

Kwa afisi, hili la mwisho linafungamana na sheria. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka mwenye kuhifadhi habari za watu kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 tangu agundue kwamba habari hizo zimefikiwa na wasiostahili, ikiwa wahusika wamo katika hatari ya kudhurika. Zahanati yenye rekodi za wagonjwa au chama chenye nambari za vitambulisho vya wanachama haviwezi kujitetea kwamba viliweka programu ya bure. Vitaulizwa ni hatua zipi zilizochukuliwa kuzilinda habari hizo.