Shimo Lililopotea Mwezini

Kuna mchoro mmoja wa Mwezi ambao ukiuona bila kuambiwa ni wa nani utadhani ni kazi ya mtoto wa chekechea. Duara, mstari wa kupindapinda unaolikata, na mikwaruzo michache ya wino kuonyesha madoa meusi. Basi. Aliyeuchora ni Thomas Harriot, mmoja wa wanahisabati hodari kabisa Uingereza ya wakati wake, na tarehe yake ni 26 Julai 1609. Ndiye mtu wa kwanza tunayemjua aliyechora Mwezi akiutazama kwa darubini. Galileo alianza miezi minne baadaye.

Watu hupenda kumcheka Harriot. Mimi simcheki. Darubini yake ilikuza mara sita tu, ni kweli, lakini sidhani shida ilikuwa darubini. Wasomi wa Ulaya walikuwa wamefundishwa, tangu enzi za Aristotle, kwamba Mwezi ni tufe laini lisilo na dosari. Sasa ukikutana na madoa na mikunjo pale ambapo hapatakiwi kuwa na kitu, unachora nini? Rafiki yake William Lower, aliyekuwa na darubini huko Wales, alimwandikia mwanzoni mwa 1610 kwamba Mwezi unafanana na pai aliyopikiwa na mpishi wake wiki iliyopita: hapa cheupe, pale cheusi, vyote vimechanganyika ovyo. Nampenda sana huyu Lower. Aliona kila kitu na hakuelewa chochote, na akasema hivyo.

Machi 1610 kitabu cha Galileo, Sidereus Nuncius, kikachapishwa Venice. Galileo alikuwa mtu wa Firenze, mji ambako kuchora kwa mwanga na kivuli kulihesabiwa elimu. Mwaka 1613 alipokelewa katika Accademia del Disegno, chuo cha wachoraji wa mji huo. Alipoona vitone vya nuru upande wenye giza, karibu na mstari unaotenganisha mchana na usiku, alivitambua kuwa ni vilele vinavyopata jua kabla ya mabonde, jinsi kilele cha Mlima Kenya kinavyong'aa alfajiri huku Nanyuki bado kuko gizani. Kwa hiyo hakuchora madoa. Alichora milima na mashimo.

Na Harriot? Julai 1610 alichora tena, na safari hii mashimo yapo. Darubini alizotumia zilikuwa zimeboreka, lakini wanahistoria waliolinganisha michoro wanaona mkono wa Galileo ndani yake. Kumbe alihitaji kuonyeshwa kwanza ndipo aone. Na Galileo mwenyewe tusimfanye malaika: katika mchoro mmoja aliweka, katikati ya mstari wa mchana na usiku, shimo kubwa kuliko lolote lililopo sehemu ile. Alitaka msomaji asilikose.

Hapo ndipo kazi ya kuchora Mwezi ilipoanza, na tangu siku ya kwanza ilikuwa na swali moja ambalo halikuisha: mkono unachora kilichopo, au unachora kile jicho limezoeshwa kutarajia?

Karne ya kumi na saba ilizaa ramani kwa kasi. Van Langren alitoa yake 1645, imejaa majina ya wafalme na wakubwa. Hevelius, mwenye biashara ya bia kule Gdańsk, alitazama kutoka juu ya paa, akachonga mabamba ya shaba kwa mkono wake mwenyewe, na kuchapisha Selenographia 1647. Wajesuiti wawili wa Bologna, Riccioli na Grimaldi, walitoa ramani yao 1651, na majina yao ndiyo tunayotumia hadi leo: Bahari ya Utulivu, Bahari ya Shwari, Bahari ya Dhoruba. Hakuna hata tone la maji kule, lakini majina yalishika. Riccioli aliwakumbuka pia wanafalaki Waislamu, kwa majina yaliyopindwa na Kilatini: al-Battani akawa Albategnius, al-Zarqali akawa Arzachel. Copernicus, ambaye kanisa lilikuwa limekipinga kitabu chake, alipewa shimo zuri kuliko karibu yote, ila limetupwa katika Bahari ya Dhoruba. Ukitaka kujua Riccioli alimfikiria vipi, hapo utabishana usiku kucha.

Kuchora Mwezi si mchezo. Mimi hupanda juu ya fleti yetu na darubini ya macho mawili, ubao na penseli, na jambo la kwanza ninalolijua ni kwamba ramani haikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa Nairobi. Ramani huwekwa kaskazini juu, au kusini juu kwa sababu darubini nyingi hupindua picha. Kwetu hapa ikweta, Mwezi ukichomoza kaskazini yake iko kushoto, na ukitua iko kulia, kwa hiyo karatasi unaizungusha kama usukani. Halafu kuna mwanga. Mstari wa mchana na usiku husogea karibu kilomita 15 kila saa pale ikweta ya Mwezi. Shimo lililokuwa jeusi tititi jioni, siku chache baadaye jua likiwa juu yake, limekuwa doa jeupe tu au halionekani kabisa. Unachora kitu kinachobadilika sura kila unaporudi.

Walioshindana na tatizo hilo kwa subira kuliko wote ni Wilhelm Beer na Johann Mädler wa Berlin. Beer alikuwa mtu wa benki, Mädler mwalimu. Kwa darubini yenye lenzi ya milimita 95 tu, na takriban usiku 600 wa kazi, walitoa ramani yenye upana wa karibu mita moja, kati ya 1834 na 1836. Ilikuwa sahihi kiasi kwamba wengi waliona kazi imekwisha. Mwezi, walisema wawili hao, hauna hewa, umekufa, haubadiliki. Basi wengi wakaugeuzia Mwezi kisogo.

Hadi 1866. Mwaka huo Julius Schmidt, mkurugenzi wa chuo cha kuangalia nyota cha Athens, alitangaza kwamba shimo moja limepotea. Linné, katika Bahari ya Shwari, lilikuwa limechorwa na Lohrmann wa Dresden, likachorwa na Mädler, na Schmidt mwenyewe alilichora akiwa kijana: shimo la kina, upana wa kilomita kama 10 hivi. Sasa pale palikuwa na doa jeupe tu.

Fikiria uzito wa jambo hilo. Kama shimo limezibika, basi Mwezi una moto ndani, una uhai wa aina fulani. Darubini za Ulaya zikaelekezwa kwenye doa lile. Lakini ushahidi wenyewe ulikuwa nini? Michoro. Penseli za watu watatu. Sisi tunaojua mabishano ya mwezi mwandamo kila Ramadhani tunaielewa kesi hii bila kuelezwa: nani aliona, alikuwa wapi, macho yake yana nguvu kiasi gani, ni mwaminifu? Na shahidi mkuu akaivuruga kesi. Mädler, sasa mzee wa zaidi ya miaka 70, alilitazama Linné mwaka 1867 na kusema haoni tofauti na alivyoliona zamani.

Schmidt hakuwa mzushi. Ramani yake, iliyochapishwa 1878, ina upana wa karibu mita mbili na mashimo 32,856, yote yamewekwa kwa mkono. Sidhani kuna binadamu aliyeujua uso wa Mwezi kuliko yeye. Ndiyo maana kisa cha Linné kinanisumbua.

Utasema, si kamera zilikuwepo? Zilikuwepo, John William Draper alipiga picha ya Mwezi New York mwaka 1840. Tatizo ni hewa yetu. Hutetemeka kama joto juu ya lami, na bamba la picha hukusanya mtetemo wote pamoja. Jicho linaweza kusubiri ile sekunde moja hewa inapotulia, na mkono ukaandika kilichoonekana. Kwa sababu hiyo hata Wamarekani walipojiandaa kwenda Mwezini, walihitaji wachoraji. Kuanzia 1961, katika Lowell Observatory kule Arizona, Patricia Bridges na wenzake walifanya kazi na picha mezani, kisha wakapanda kwenye darubini ya inchi 24 kuhakikisha kila shimo. Walitumia kalamu ya kupulizia rangi, kifaa wanachokijua mafundi wetu wa kuchora matatu. Bridges aliweka nuru na mteremko lakini hakuacha vivuli vifunike sakafu za mashimo. Ni Mwezi ambao hakuna aliyewahi kuuona hivyo, na ni rahisi kuusoma kuliko picha yoyote.

Vyombo vya Lunar Orbiter, 1966 na 1967, ndivyo vilivyomaliza kazi ya jicho kwenye darubini. Na mwaka 1971 kamera ya Apollo 15, ikipita juu ya Bahari ya Shwari, ilipiga picha ya Linné. Ni bakuli dogo safi, upana wake kilomita 2 na kidogo, limezungukwa na vumbi jeupe lililotapakaa mbali kuliko ukingo wake. Halikuwa limezibika, na halikuwahi kuwa na kilomita 10. Schmidt alikuwa amekufa tangu 1884.

Lohrmann aliona nini, basi? Nadhani aliona weupe wenye kivuli kidogo ndani, na mkono wake ukakichora kama yalivyo maelfu ya mashimo aliyokwisha kuyachora. Mädler alikuwa na ramani ya Lohrmann. Schmidt alipokuwa kijana alijifunza Mwezi kutoka kwa wote wawili.