REGIDESO: bei ya umeme na maji Bujumbura hupangwaje

BUJUMBURA – Umeme na maji jijini Bujumbura huuzwa na shirika moja la serikali, REGIDESO. Hata hivyo shirika hilo halijipangii bei. Huwasilisha hesabu ya gharama zake, kisha viwango hutangazwa kwa agizo la waziri.

Gharama zenyewe zimefungamana na nchi jirani. Sehemu ya umeme hutoka Ruzizi II, kituo cha pamoja cha Burundi, Rwanda na Kongo. Jenereta nazo hutumia dizeli inayoagizwa nje, hivyo dola ikipanda mzigo huongezeka. Maji mengi ya jiji husukumwa kwa umeme kutoka Ziwa Tanganyika, kwa hiyo bei moja huivuta nyingine.

Wateja hupangwa kwa makundi, ya nyumbani mbali na ya biashara na viwanda, na kwa matumizi ya nyumbani bei hupanda kwa ngazi. Mfanyabiashara anayekodi ghala aulize mita imeandikishwa kundi gani kabla ya kusaini mkataba. Wengi hupuuza hili.

Kupandisha bei si jambo dogo kisiasa. Machi 2012 vyama vya wafanyakazi na asasi za kiraia viliitisha mgomo dhidi ya ugumu wa maisha, bei mpya za REGIDESO zikiwa miongoni mwa malalamiko.