Utafiti wa wanagenzi Kaskazini Mashariki: Nani husimamia maadili?

HOMA ya Bonde la Ufa ilipozuka Garissa mwishoni mwa 2006 baada ya mafuriko, miongoni mwa waliotumwa huko walikuwa wanagenzi wa mpango wa kufunza wataalamu wa epidemiolojia na maabara ulioanzishwa nchini mnamo 2004. Mkurupuko huo uliua watu zaidi ya 150 nchini Kenya. Wagonjwa walitolewa damu, jamaa zao wakahojiwa, mifugo ikapimwa.

Kazi ya aina hiyo ni ya dharura, wala haiwezi kungoja vikao vya kamati ya maadili. Hata hivyo, mwanagenzi akitaka kutumia takwimu zizo hizo kuandikia tasnifu, mambo hubadilika. Mgonjwa aliyetoa damu ili atibiwe hakuitoa ili mtu apate shahada, na ni kamati wala si mwanagenzi inayopaswa kuamua iwapo ridhaa mpya inahitajika. Mpaka huu ndio unaovukwa kwa urahisi zaidi, mara nyingi pasipo nia mbaya.

Kwa mujibu wa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, kila utafiti nchini huhitaji leseni ya tume ya NACOSTI. Kabla ya hapo, pendekezo hupitia kwa mhadhiri msimamizi, kisha kwa kamati ya maadili iliyoidhinishwa na tume hiyo, kama vile ya KEMRI au ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi na Hospitali ya Kenyatta. Majaribio ya dawa huhitaji pia idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Mwisho, mtafiti hupeleka barua kwa wakuu wa kaunti na kwa hospitali anayokusudia kufanyia kazi.

Hayo yote hutangulia utafiti. Usimamizi wenyewe ni kitu kingine. Msimamizi wa kweli hufungua faili ya mgonjwa na kuilinganisha na fomu ya utafiti: je, mtu huyu yupo? Alitia sahihi au dole gumba kabla ya kutolewa damu, au siku tatu baadaye? Umri wake ni ule ulioandikwa? Aliyedhurika aliripotiwa kwa kamati? Kampuni inayojaribu dawa huajiri watu wa kufanya ukaguzi huo. Mwanafunzi wa uzamili hana fedha hizo, na mara nyingi ndiye anayeunda fomu, anayezijaza na anayechanganua matokeo. Kamati nayo aghalabu husoma ripoti anazoandika yeye mwenyewe.

Garissa iko kilomita zipatazo 370 kutoka Nairobi, na Mandera ni mbali zaidi. Hofu ya usalama, hasa baada ya shambulio la Aprili 2, 2015 lililoua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, iliwafanya wageni wengi kusita kusafiri eneo hilo. Ni rahisi kwa mhadhiri kusimamia kwa simu. Lakini simu haifungui kabati la faili.

Suala la ridhaa lina uzito wake. Fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza hutafsiriwa kwa Kisomali, kisha mtu mwingine huirejesha katika Kiingereza ili ilinganishwe na ya kwanza. Huko Mandera, Wagare wana lugha yao, kwa hivyo tafsiri moja haitoshi. Mshiriki asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti. Aidha, idhini ya mzee wa ukoo au ya mume hufungua mlango tu. Haiwezi kusimama badala ya kauli ya mwanamke mwenyewe. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab pana hatari nyingine: anayetegemea mgao wa chakula huenda akadhani kwamba kukataa kutamponza.

Kisha kuna wafugaji, ambao huhama wakifuata malisho. Mshiriki asiporejea kwa kipimo cha pili, mwanagenzi mwaminifu huacha nafasi wazi katika jedwali lake. Mwenye haraka ya kuhitimu hushawishika kuijaza. Mkaguzi mzoefu hutambua jedwali lisilo na pengo hata moja katika msimu wa ukame, na hapo ndipo huanza kuuliza.

Fomu ya ridhaa hutakiwa kuwa na nambari ya simu ya kamati, mbali na ile ya mtafiti, ili mwenye malalamiko asilazimike kumlalamikia anayemlalamikia. Mkaguzi anayefika Garissa hana budi kuipiga nambari hiyo kwanza, tena kwa Kisomali.