Wosia wa Peter Thellusson

Wosia wa Peter Thellusson ni hati ya mirathi iliyotiwa saini Uingereza tarehe 2 Aprili 1796. Mwenye wosia, mfanyabiashara tajiri wa London, aliagiza sehemu kubwa ya mali yake isiguswe na mwana, mjukuu wala kitukuu yeyote wa kiume atakayekuwa hai siku ya kifo chake. Mali hiyo ilale na kuzaa, na faida yake inunue ardhi, mpaka wote hao wawe wamezikwa. Hapo ndipo ingegawiwa warithi ambao mwenyewe asingeweza kuwajua. Kesi ya wosia huo ilianza mwaka mmoja baada ya kifo chake, na hukumu ya mwisho ilitolewa mwaka 1859. Katika miaka yote hiyo mahakama zilibishana kuhusu nani apate mali. Mali yenyewe ilitoka wapi ni swali ambalo halikuwa mbele ya majaji, ingawa leo ndilo linalostahili kuulizwa kwanza.

Mtu na utajiri wake

Thellusson alizaliwa Paris tarehe 27 Juni 1735 katika ukoo wa Waprotestanti wa Kifaransa waliokuwa wamehamia Geneva. Baba yake, Isaac, alikuwa mwanabenki wa Paris na mjumbe wa Geneva katika kasri la mfalme Louis XV. Kaka yake George-Tobie aliendesha benki pamoja na Jacques Necker, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha wa Ufaransa. Peter mwenyewe alivuka bahari mwaka 1760 kwenda kuuwakilisha ukoo London, akamwoa Ann Woodford mwaka uliofuata, wakapata wana watatu na mabinti watatu. Alijenga nyumba ya fahari Bromley, katika wilaya ya Kent, na mwanzoni mwa miaka ya 1790 akanunua eneo kubwa la Brodsworth, Yorkshire. Alifariki Julai 1797.

Masharti

Mjane na watoto hawakuachwa mikono mitupu. Jumla ya kama pauni 100,000 waligawiwa, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Kilichowashtua ni mali iliyobaki: takriban pauni 600,000 pamoja na mashamba, vyote vikikabidhiwa wadhamini watatu. Katika wosia Thellusson alieleza kwamba mali yake aliichuma kwa bidii na uaminifu, na kwamba aliyowapa wanawe yaliwatosha kuishi vizuri bila majivuno wala maonyesho.

Hesabu ya sharti lenyewe ilitegemea pumzi za watu. Sheria ya Uingereza, tangu kesi ya Duke wa Norfolk ya mwaka 1682, ilikataza mali kufungwa milele. Ilikubali ifungwe kwa muda wa maisha ya watu waliokwisha kuwapo, na kidogo zaidi. Thellusson aliutumia mwanya huo mpaka mwisho wake. Maisha yaliyohesabiwa yalikuwa tisa: wanawe watatu na wajukuu wa kiume, wakiwamo mapacha waliokuwa bado tumboni mwa mama yao babu alipofariki. Kuhusu hao mapacha mawakili walibishana sana, na mahakama ikaamua kuwa mtoto aliye tumboni huhesabiwa hai iwapo atazaliwa salama.

Wa tisa akishakufa, mali ingekatwa mafungu matatu, kila fungu likienda kwa mzao wa kiume mwandamizi katika tawi la mmoja wa wale wana watatu. Mrithi alitakiwa kubeba jina la Thellusson. Mabinti na wazao wao hawakuhesabiwa. Na endapo mzao wa kiume asingepatikana popote, mali yote iende serikalini kulipia deni la taifa. Yaani mzee aliona afadhali hazina ya mfalme irithi kuliko mtoto wa binti yake.

Ukatili wa mpango huu unaonekana ukiutazama kwa macho ya wale wajukuu. Kila mmoja wao alikua akijua kwamba yeye ni kizuizi, na kwamba uhai wake mwenyewe ndio unaowachelewesha watoto wake kupata. Wengine huzaliwa wakiwa warithi. Hawa walizaliwa wakiwa saa ya kupimia muda wa watu wengine.

Mahakamani

Familia ilifungua kesi mwaka 1798 kutaka wosia ubatilishwe. Wadhamini nao walifungua yao kuutetea, na kwa kuwa mmoja wao aliitwa Matthew Woodford, shauri likabaki katika vitabu vya sheria kwa jina la Thellusson na Woodford. Hoja ya familia ilikuwa kwamba babu amewafanyia jeuri wanawe mwenyewe, na kwamba fedha zikiachwa zizae riba juu ya riba kwa miaka 70 au 80 zitakuwa nguvu ya hatari ndani ya nchi. Hofu hiyo ilikuwa na hesabu nyuma yake. Kwa riba ya asilimia 5, fedha huongezeka maradufu kila baada ya miaka 14 hivi. Pauni 600,000 zikilimbikizwa hivyo kwa miaka 70 hupita milioni 18.

Mwaka 1799 Lodi Chansela Loughborough, akisaidiwa na majaji wengine, aliamua kuwa wosia ni halali. Hakuupenda, lakini haukuvunja kanuni yoyote iliyokuwapo. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa, likakubaliana naye mwaka 1805. Loughborough, kwa kuwa hakuweza kuubatilisha wosia huo, alisimamia kutungwa kwa sheria ya kuzuia mwingine kama huo, na Bunge likaipitisha Julai 1800. Ilijulikana kama Sheria ya Limbikizo, ingawa wanasheria wengi waliiita tu Sheria ya Thellusson. Iliweka ukomo wa kulimbikiza mapato: uhai wa mtoa mali, au miaka 21 baada ya kifo chake, au kipindi cha utoto wa warithi. Haikurudi nyuma, kwa hiyo wosia uliosababisha itungwe ulibaki salama.

Sheria hiyo ilidumu kwa namna moja au nyingine zaidi ya karne 2. Uingereza iliondoa sehemu kubwa ya ukomo huo kwa sheria ya mwaka 2009, na hivyo mtu leo anaweza tena kuagiza mapato yalimbikizwe kwa muda mrefu, mradi mali isifungwe kupita miaka 125. Nchi zilizorithi sheria za Kiingereza zilichukua mafundisho hayo pia. Kenya, kwa mfano, ina sheria yake ya umilele na limbikizo, Sura ya 161.

Mjukuu wa mwisho, Charles, alifariki Februari 1856. Kwa kuwa mwana wa pili wa Thellusson hakuacha mzao wa kiume, mafungu matatu yalikuwa yamepungua kuwa mawili. Hapo ukazuka ugomvi mpya: mwandamizi ni yupi, aliyezaliwa mapema au aliye katika tawi kubwa la ukoo? Tarehe 9 Juni 1859 Baraza la Malodi lilichagua tawi. Nusu moja ikaenda kwa Lodi Rendlesham, wa tawi la mwana mkubwa, nusu nyingine kwa kitukuu aliyeitwa Charles Sabine Augustus Thellusson.

Hadithi inayosimuliwa sana, hasa na wanaohusisha kisa hiki na riwaya ya Charles Dickens iitwayo Bleak House, kuhusu kesi ya mirathi isiyokwisha, ni kwamba mawakili walikula kila kitu na warithi wakaambulia patupu. Hadithi hiyo inazidisha. Gharama za kesi na usimamizi mbovu viliyameza kweli yale mamilioni ya kwenye karatasi, na fungu lililogawiwa halikukaribia makadirio ya wenye hofu. Lakini Rendlesham alijikuta na ardhi kubwa Suffolk, na Charles Sabine alibomoa nyumba ya zamani ya Brodsworth akajenga kasri jipya kati ya mwaka 1861 na 1863, lenye sanamu za marumaru kutoka Italia. Aliyefilisika hajengi hivyo.

Jina ambalo mzee alilipigania halikukaa sana Brodsworth. Charles Sabine aliacha wana wanne. Wote wanne walirithi kasri kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeacha mtoto. Wa mwisho alifariki mwaka 1931, na mali ikaangukia kwa mtoto wa dada yao, wa ukoo wa Grant-Dalton: njia ileile ya kike iliyofungwa na wosia. Mwaka 1990 nyumba ilikabidhiwa shirika la English Heritage, nalo likaifungua kwa wageni mwaka 1995.

Fedha zilitoka wapi

Uliwahi kuenea uvumi kwamba sehemu ya mali ilikuwa amana za makabaila wa Kifaransa waliokatwa vichwa wakati wa mapinduzi, na kwamba Thellusson aliifunga kwa miaka mingi ili wenyewe, wakitokea, waikute. Uvumi huo ulimfanya aonekane mwenye dhamiri. Kumbukumbu za biashara zinasimulia mengine.

Mwaka 2010 ulitolewa utafiti ulioagizwa na English Heritage kuhusu uhusiano wa Brodsworth na utumwa, ulioandikwa na Susanne Seymour na Sheryllynne Haggerty. Unaonyesha kwamba Thellusson alikuwa na hisa katika meli zilizosafirisha watumwa, alishughulika na bima za safari, na aliwapa wafanyabiashara wa watumwa mikopo na bidhaa za kubadilishia watu pwani ya Afrika. Zaidi ya hapo aliwakopesha wenye mashamba ya Karibiani. Rehani ya shamba ilijumuisha watu waliolilima, wakiorodheshwa pamoja na mifugo na mitambo. Mkopaji aliposhindwa kulipa, vyote vilihamia kwa mkopeshaji. Ndivyo mwanabenki wa London alivyogeuka mmiliki wa mashamba ya watumwa, likiwamo la Bacolet katika kisiwa cha Grenada.

Grenada ilikuwa imetoka mikononi mwa Ufaransa kwenda Uingereza mwaka 1763, na mikopo ya London ilimiminika huko mara moja. Mtu aliyezaliwa Paris na kuwa na ofisi London, anayejua lugha zote mbili na familia za pande zote mbili, alikuwa mahali pazuri kuliko wenzake. Machi 1795 wakazi wa kisiwa hicho waliasi wakiongozwa na Julien Fédon, mwenye shamba wa asili ya Kiafrika na Kifaransa, na maelfu ya watumwa wakajiunga naye. Uasi ulizimwa Juni 1796. Kwa hiyo Thellusson alipotia saini wosia wake Aprili ile, akiandika kwamba mali yake ni tunda la bidii na uaminifu, Grenada ilikuwa bado vitani.

Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, miaka miwili baada ya Baraza la Malodi kuuthibitisha wosia, na likapitisha sheria ya kukomesha utumwa wenyewe mwaka 1833. Ilipogawiwa mali mwaka 1859, mapato ya enzi ya utumwa yalikuwa yameshanunuliwa mashamba ya Kiingereza, na hati zote zilizokuwa mezani zilitaja ekari, kodi za pango na mistari ya ukoo.