Kitabu cha 1086 na diski za 1986

 

Juzi nimetoka zamu ya usiku, badala ya kulala nikaazima kifaa cha kusomea CD, nikafungua ile ensaiklopidia ya wanyama aliyotununulia baba tukiwa shule ya msingi. Loh! Simba wamekuwa zambarau. Kumbe programu nyingi za miaka ya 90 zilitaka kioo kionyeshe rangi 256 tu, na kompyuta za sasa zinaonyesha mamilioni. Nikaingia kwenye mipangilio ya programu, nikachagua rangi 256 na ukubwa wa 640 kwa 480, simba wakarudia rangi yao.

Waingereza nao yaliwapata, tena makubwa. Mwaka 1085 mfalme William aliamuru nchi nzima iandikwe: ardhi ya nani, majembe ya ng'ombe mangapi, thamani kiasi gani. Kitabu chake cha 1086, Domesday Book, kipo mpaka leo Kew, London. Birmingham yetu hii ilithaminiwa shilingi 20!

Mwaka 1986, kutimiza miaka 900, BBC wakatengeneza Domesday ya kompyuta. Watu kama milioni 1, wengi watoto wa shule, waliandika na kupiga picha maisha ya kwao. Vikaingizwa kwenye diski za leza kubwa kama santuri. Mashine zake zilikuwa ghali, shule nyingi hazikuzimudu, na kufika mwaka 2000 zinazofanya kazi ulizitafuta kwa tochi. Kitabu cha ngozi kinasomeka, diski haisomeki!

Tena kunakili faili peke yake hakutoshi. Picha zilihifadhiwa kama video, maandishi yalitoka kwenye kompyuta, mashine ndiyo iliyovipandanisha kiooni. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan wakanakili picha, kisha wakaandika programu inayojifanya ile kompyuta ya zamani. Mwaka 2002 ikaonyeshwa inafanya kazi.

Sasa kaka, ile CD ya sendofu yangu iko kabatini kwa mama. Bibi anacheza humo, na video nyingine yake hatuna. Ipeleke stesheneri wainakili wiki hii, hela nakutumia Ijumaa.